Nguo ya Wembe

Haya ni maneno niliyowaambia vinyozi, wanoaji na mafundi wa ngozi jioni moja ukumbini Kariokor, Nairobi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu vinyozi mliofunga vibanda mapema ili mfike, na nanyi mafundi wa ngozi mnaofanya kazi hatua chache tu kutoka mlango huu: hamjambo?

Asanteni. Nimeitwa nizungumze juu ya kifuko cha kuhifadhia wembe. Sisemi wembe wa kutumia mara moja na kutupa. Nasema wembe wenyewe, ule wa kukunja, wenye mgongo mnene na mpini wa vibao viwili, unaonolewa kwa jiwe na kupitishwa kwenye ukanda. Najua kazini wengi wenu mnatumia ule wa kutia kiwembe kipya kwa kila mteja, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini humu ndani naona watu wenye nyembe za baba zao, naona wanaozikusanya, na wawili watatu ambao bado wanajinyoa nazo kila asubuhi. Maneno yangu ni yao kwanza. Ya kazini nitayafikia.

Nianze na kosa langu.

Baba yangu alikuwa kinyozi Pumwani. Aliniachia wembe mmoja uliotengenezwa Sheffield, Uingereza, upana wa bapa lake kama milimita 16, mpini wake wa pembe ya ng'ombe. Miaka yote aliulaza ndani ya kipande cha kaniki, ile nguo nyeusi ya pamba, kilichokatwa kwenye nguo kuukuu ya nyanya yangu, kisha akauweka ndani ya mkebe wa majani ya chai alioutoboa matundu kwa msumari. Mimi wakati ule nilikuwa nimeshaiva katika kazi ya ngozi. Nilikitazama kile kipande cha kaniki nikaona hakimfai baba. Nikachagua ngozi nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo, ngozi nene iliyotengenezwa kwa magome ya muwati, nikaikata, nikaishona kwa uzi wa nta, nikatia kifungo cha shaba. Ilikuwa kazi safi. Nikausukuma wembe ndani, nikafunga, nikauweka kabatini. Kaniki nikaitupa. Huo ulikuwa mwezi wa Machi, na masika yalikuwa yanaanza.

Nilikuja kuufungua mwezi wa Juni. Bapa lilikuwa na madoa meusi upande ule uliolalia ngozi. Riveti, ile misumari midogo ya shaba inayoshika mpini, zilikuwa zimeota utando wa kijani kama nta. Na makali, niliyoyajua tangu nikiwa mtoto kwa jinsi yalivyokuwa yamenyooka, yalikuwa yametafunwatafunwa kama ukingo wa stempu.

Nikampelekea mzee mmoja mnoaji. Akauchukua, akautazama kwa lenzi, akanipa na mimi nitazame. Akaniambia, kutu ya juu hufutika, lakini shimo halifutiki. Ukitaka kuliondoa shimo unasaga chuma chote kilicholizunguka mpaka ufike chini yake. Akausaga. Karibu milimita moja ya bapa ikaenda na maji ya kinoo. Baba alikuwa ameutumia wembe ule maisha yake yote ya kazi, akiunoa kwa uangalifu ili asipoteze chuma, na mimi nikaipoteza milimita hiyo kwa miezi mitatu, bila kumnyoa mtu hata mmoja.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeusikia msemo huo mara nyingi, lakini siku ile ndipo nilipouona kwa macho, kwa sababu wembe wa baba uliliwa na nguo niliyouvika kwa mikono yangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikishona vifuko vya nyembe kwa namna nyingine, na neno nililokuja nalo kwenu ni hili: ngozi ni ya kusafiria, pamba iliyofuliwa ndiyo ya kulalia. Sasa niwaeleze kwa nini, maana sitaki mnifuate kwa sababu ya huzuni yangu tu.

Feleji ya wembe wa namna hii ina kaboni kiasi cha asilimia moja, wakati mwingine zaidi kidogo. Kaboni hiyo ndiyo inayoufanya uwe mgumu na ukubali makali membamba. Haina kromiamu ya kuukinga. Chuma kinachoitwa kisichoshika kutu huwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na Harry Brearley alikitengeneza huko huko Sheffield mwaka 1913. Nyembe nyingi za kale mnazozionea fahari zilikwisha kutoka viwandani kabla ya hapo, na hata baada ya hapo watengenezaji wengi wa Sheffield na wa Solingen kule Ujerumani waliendelea na chuma cha kaboni. Zipo zenye kromiamu. Nazo pia hupata madoa zikifungiwa na chumvi ya jasho, kwa hiyo usizilaze ovyo.

Sasa fikirini wembamba wa makali yenyewe. Unywele wa mtu una unene wa kama mikroni 50 hadi 100, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ncha ya makali yaliyonolewa vizuri haifiki hata mikroni moja. Kutu ambayo kwenye panga ungeipangusa kwa kipande cha gunia ukaenda shamba, kwenye wembe maana yake ni kwamba makali yenyewe yameshaondoka. Ndiyo sababu sikubali mtu akiniambia "ni kutu kidogo tu".

Kutu inataka maji na hewa. Chumvi na asidi huiharakisha. Na maji si lazima uyaone. Hewa ikishakuwa na unyevu unaopita kama asilimia 60, chuma huvaa utando wa maji usioonekana kwa macho, na kazi inaanza. Watu huniambia Nairobi ni kukavu, tuko juu, karibu mita 1,700, hatuna bahari. Ni kweli hatuna chumvi ya Mombasa. Lakini vibanda vyetu ni vya mabati. Mchana bati linawaka moto, usiku linapoa, alfajiri linatona matone juu ya meza. Julai ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi. Na ndani ya kibanda cha kinyozi kuna sufuria ya taulo za moto inayotoa mvuke kutwa nzima. Wembe ulioachwa ndani ya kibanda hicho una unyevu wa kuutosha.

Tuje kwenye ngozi. Hapa nitakaa kidogo, maana nimezungukwa na mafundi wenzangu na sitaki waone nawaharibia biashara.

Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ina tanini, na tanini ni asidi. Chukua kisu cha chuma cheusi ukate ngozi ya magome iliyolowa: baada ya muda mfupi utaona doa jeusi mahali kisu kilipogusa. Doa hilo ni tanini imekutana na chuma. Kwa kisu cha fundi haina neno, kwa sababu unakipangusa na kukinoa kila siku. Lakini wembe uliolazwa miezi mitatu hauna wa kuupangusa. Tena ngozi hunywa unyevu wa hewa na kuung'ang'ania, kwa hiyo asidi na maji vinakaa pamoja, vimebanwa juu ya chuma kwa kifuko kilichoshonwa kikaze. Yale mafuta tunayoipaka ngozi ili iwe laini nayo yana asidi zake, na hizo zikigusa shaba ndipo unapoona ule utando wa kijani kwenye riveti.

Wengine hukimbilia ngozi ya kromi, ile inayotoka kiwandani ikiwa ya buluu kabla ya kupakwa rangi. Haina tanini, kweli. Lakini imepita katika chumvi na asidi, na chumvi isiposuuzwa ikaisha hubaki ndani ya nyuzi zake ikivuta maji. Nimeona nyembe zilizolala humo zikatoka na madoa kama yale yale.

Hapo kijana mmoja aliyekaa nyuma aliinua mkono. "Mama," akasema, "mbona ukanda tunaopitishia wembe kila siku ni wa ngozi, na haushikishi kutu?"

Swali lake ni la mtu wa kazi, na nilifurahi kulijibu. Ukanda unaning'inia kwenye hewa, unakauka. Wembe unaupitia kwa nusu dakika, bapa linateleza na kuondoka, halilali pale. Tena kule kupitisha kwenyewe kunapangusa unyevu uliokuwa juu ya chuma. Ni muda na kufungiwa ndivyo vinavyoleta balaa. Ngozi ile ile inayoyaweka makali sawa asubuhi itayala ukiyalaza ndani yake mpaka mwezi ujao.

Kwa hiyo ngozi ina mahali pake. Ukisafiri na wembe, kwenye begi la basi, unahitaji kitu kigumu cha kuukinga usigongwe na usifunguke. Shona ngozi kwa nje, tia pamba kwa ndani, na ukifika uendako utoe wembe ulale nje ya ngozi. Mafundi wa Kariokor, kazi hiyo ipo na ni nzuri. Mwambieni tu mteja ukweli wa jinsi ya kuitumia.

Basi pamba gani? Mimi natumia merikani. Nyanya zetu waliijua: pamba tupu, haijapaushwa, haina rangi, ina kimanjano chake. Jina lenyewe limebaki tangu karne ya 19, ilipokuwa ikiletwa Zanzibar kutoka viwanda vya Massachusetts, Marekani. Huku kwetu utaipata Biashara Street na Eastleigh, na si ghali, kwani kipande cha nusu mita kinatoa vifuko kadhaa.

Lakini usiinunue leo na kuishona leo. Merikani mpya ina wanga, uliotiwa kiwandani ili nyuzi zisikatike wakati wa kufuma. Wanga hupenda maji na hupenda kuvu. Ifue kwa maji ya moto na sabuni ya mche, uisuuze mpaka maji yatoke meupe, urudie mara tatu. Usitie ile dawa ya kulainisha nguo, maana inaacha utando. Ianike juani, kisha uipige pasi kabla ya kuikata. Ndipo nilipokuja kuielewa ile kaniki ya baba. Sifa yake haikuwa ukaniki wake, bali kwamba nyanya aliivaa na kuifua miaka na miaka mpaka ikawa haina kitu ndani yake ila pamba. Mimi niliona uchakavu, nikatupa kitu kilichokuwa safi kuliko chochote dukani.

Kwa nini pamba na si nguo ya plastiki, polista kwa mfano? Nimebishana na watu juu ya hili. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65, gramu 100 za sufu kavu hubeba karibu gramu 16 za maji. Pamba hubeba kama gramu 8, naylon kama gramu 4, na polista haifikishi hata nusu gramu. Mtu akisikia hivyo husema, basi polista ndiyo kavu, tushone polista. Ingekuwa hivyo kama wembe ungeingia mkavu kabisa kila siku. Hauingii. Kuna tone linalojificha kwenye riveti, kati ya bapa na mpini, ambalo kitambaa chako hakilifikii. Polista hailinywi tone hilo, inaliacha palepale juu ya chuma. Pamba inalivuta, inalitandaza, na hewa inalichukua. Sharti lake ni kwamba pamba yenyewe ipate hewa ya kukauka. Sufu nayo hubeba maji mengi mno, na ina salfa ndani yake, kwa hiyo naiacha ingawa ni laini na inapendeza.

Kuna njia mbili tu ninazoziamini. Moja ni ya hewa: pamba, ndani ya mkebe wenye matundu au sanduku lisilobana. Ya pili ni ya kufunga kabisa: wembe umekaushwa, umepakwa mafuta, umetiwa kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Zipo chembe za buluu ambazo hugeuka waridi zikishajaa maji, na ukizikausha kwenye joto hurudia kazi. Ukikaa katikati ya njia hizo mbili, yaani pamba yenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, umemtengenezea kutu nyumba.

Kwa wenye nyembe wasizozitumia mwaka mzima, nendeni Kirinyaga Road kwenye maduka ya spea. Beringi mpya huja zimefungwa katika karatasi ya kahawia, na nyingine ina dawa inayotoa mvuke wa kukinga chuma. Karatasi kama hiyo huuzwa pia peke yake. Izungushe juu ya wembe, uufunge ndani ya chombo, na uibadilishe, maana dawa huisha. Ila sharti iwe imefungwa, maana ikiwa wazi ule mvuke unakwenda zake.

Vitu vingine nitavipitia haraka. Ngozi bandia ya plastiki, ile ya viti vya matatu, msiiguse: plastiki ya namna hiyo, piivisii, ikizeeka inaweza kutoa asidi ya klorini, na inanata. Sponji ya godoro huoza ikawa unga unaoganda kwenye chuma. Mpira hutengenezwa kwa salfa. Mahameli ya ndani ya sanduku hupendeza, lakini shida huwa kwenye gundi iliyo chini yake. Sanduku la mbao mpya nalo hutoa mvuke wa asidi, na mwaloni ndio mbaya zaidi, kwa hiyo kama unalo liache wazi muda mrefu kabla ya kulitumia. Boksi la karatasi ngumu, kama yale ambayo nyembe za kale ziliuzwa ndani yake, si baya, mradi likae pakavu.

Msichukue haya kwa imani. Pale mezani kuna mitungi sita ya jemu. Mwaka 1973, Andrew Oddy wa jumba la makumbusho la Uingereza mjini London alibuni jaribio la kuchunguza vifaa vinavyowekwa karibu na vitu vya thamani: kipande cha kifaa kinafungiwa ndani ya chombo pamoja na vipande vya fedha, shaba na risasi na maji kidogo, katika joto la digrii 60 kwa siku 28, kisha unatazama metali imefanywa nini. Mimi sina tanuri la kushika joto hilo. Nilichukua misumari sita, nikaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa, kila mmoja nikauvika kitu chake, nikaweka pamba yenye maji chini ya kila mtungi, nikafunga, nikaiacha dirishani mwezi mzima. Wa kwanza ni ngozi ya magome. Wa pili, ngozi ya kromi. Wa tatu, plastiki ya viti. Wa nne, sufu. Wa tano ni merikani kama ilivyotoka dukani, na wa sita ni merikani iliyofuliwa mara tatu. Hakuna msumari uliobaki safi kabisa, kwa sababu mtungi wenye maji ni adhabu. Lakini uwekeni wa kwanza kando ya wa sita muutazame. Na utazameni wa tano, wenye nguo ile ile ya wa sita, tofauti yake ni sabuni na maji tu. Kila mmoja wenu anaweza kufanya hivi nyumbani na kitambaa anachotaka kukitumia, kabla hajakiamini.

Sasa ya kazini, ambayo ni mazito kuliko kutu.

Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, kwenye damu iliyokauka usiyoiona. Kifuko kilichopokea kifaa kichafu kinakuwa ghala. Kwa hiyo hata kile kishikio cha kutia kiwembe kipya, kinachogusa shingo za watu, kisafishwe na kuuliwa vijidudu kabla hakijarudi kwenye kifuko, na kifuko chenyewe kiwe cha kuchemshwa. Hapa pamba haina mpinzani. Iweke kwenye sufuria, ichemke dakika ishirini, ianike. Ngozi ukiichemsha inajikunja na kuwa ngumu kama ubao, nayo sponji inaficha uchafu ndani. Kinyozi awe na vifuko vitano au sita, kila jioni vichemshwe, kila asubuhi achukue kikavu. Na mkitumia maji ya klorini, suuzeni chuma vizuri kisha mkikaushe, kwa sababu klorini huila feleji haraka. Nimeona kazi ya wiki moja ya klorini ikishinda kazi ya miaka ya unyevu.

Wembe wa kunolewa, ule wa baba, usiutumie kwa wateja. Ni wa uso wako.

Mzee mmoja hapa ameniletea nyembe zake tatu kabla hatujaanza, na mmoja umenifanya nisimame. Mpini wake unafanana na gamba la kobe, unanata kidogo ukiushika, una nyufa ndogondogo, na unanuka kafuri. Bapa lina kutu pale tu mpini unapolifunika. Huo ni mpini wa seluloidi, plastiki ya kale iliyoanza kutengenezwa kwa wingi Marekani miaka ya 1870 kwa nitrati ya selulosi na kafuri. Ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi ya nitriki, na mvuke huo hula kila chuma kilicho jirani. Wembe kama huo hakuna kifuko kitakachouokoa. Ukiufunga, unaufungia na sumu yake. Ukiuweka sanduku moja na zingine, utaziua zote. Utenge leo, uache wazi kwenye hewa, mbali na moto kwa sababu seluloidi hushika moto upesi sana, kisha upeleke kwa fundi aung'oe mpini na kutia mwingine, wa pembe au wa mbao. Mzee wangu, hizo mbili nyingine ni nzima. Zihamishe kutoka sanduku lile usiku huu.

Kuna pia wenye mpini wa pembe ya ndovu. Sheffield ilitumia pembe nyingi, na nyingi zilitoka pwani hii yetu. Kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, kumiliki kitu hicho bila kibali ni kosa Kenya. Msiushonee kifuko, nendeni kwanza KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mkaulize.

Kushona si kazi kubwa. Pima wembe wako ukiwa umefungwa, mkia wake, kile kiulimi cha chuma cha kuufungulia, ukihesabiwa, kwa sababu nyembe hazilingani. Kwa wembe wa kawaida mimi hukata sentimita 20 kwa 12, nakunja, nashona, na kinachobaki ndani ni kama sentimita tano kwa upana. Ukiacha nafasi zaidi, wembe utafunguka wenyewe ndani na kukata kitambaa, kisha kidole. Pindo ziwe za kuficha, nyuzi zisitoke zikaingia kwenye riveti. Uzi wa pamba. Hakuna zipu, hakuna kifungo cha chuma; funga kwa utepe wa kitambaa hicho hicho. Tanguliza mkia ndani, ili ukiutoa ushike vibao vya mpini kwa pamoja, usiushike mkia ukalifungua bapa bila kukusudia. Ukitaka uzuri, vika kitenge kwa nje. Ndani paache peupe, maana kwenye weupe doa la kwanza la kutu utaliona siku linapoanza. Hilo ndilo jambo moja ambalo merikani inaishinda kaniki.

Na kabla ya kulaza wembe: usuuze, upanguse, upitishe kidogo kwenye ukanda, uuache wazi mpaka jioni ili lile tone la kwenye riveti liondoke. Tone moja la mafuta ya cherehani, ulitandaze kwa kidole mpaka lisionekane. Msitumie mafuta ya kupikia, huganda na kunata.

Nimemaliza yangu. Wembe wa baba uko pale mezani, mwisho wa mstari, baada ya mitungi. Kifuko chake ni merikani kwa ndani na kaniki kwa nje. Kaniki hiyo ni mpya, niliinunua na kuifua mwenyewe. Ile ya nyanya sikuipata tena. Mkiutoa mtaona bapa limekuwa jembamba kidogo upande wa ncha, hapo ndipo shimo kubwa lilipokuwa. Mwenyekiti, naomba uwaruhusu waje mmoja mmoja, na kila mtu apanguse mikono kwanza kwa kile kitambaa cheupe.